Uraia pacha wa Latvia: fuata hatua hizi kabla hujala kiapo cha nchi ya pili

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu ana pasipoti ya Latvia, ameolewa Nairobi au anafanya kazi Dubai, akapata nafasi ya uraia mwingine. Anaiuliza nchi ile mpya: mnaruhusu uraia pacha? Anajibiwa ndiyo. Anakula kiapo, anapiga picha na bendera, anarudi kwenye shughuli zake. Miaka inapita, pasipoti ya Latvia inaisha muda, anakwenda kuibadilisha, na ndipo swali linapomkuta: una uraia wa nchi gani nyingine, na uliupata lini?

Aliuliza swali sahihi, ila aliliuliza mlango mmoja tu. Uraia pacha ni ruhusa mbili, na moja haitoshi. Wapenda methali watakuambia mshika mbili moja humponyoka. Latvia haina ukali huo: inakuruhusu kushika mbili, ilimradi ile ya pili iwe kwenye orodha yake yenyewe.

Hatua hizi ni za raia wa Latvia anayefikiria uraia wa pili, za Mkenya au Mtanzania aishiye Latvia anayetaka kuwa raia wa huko, na za wazazi ambao watoto wao wamezaliwa na uraia wa nchi mbili. Sheria ninayoifuata ni Pilsonības likums, yaani Sheria ya Uraia ya Latvia, pamoja na marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2013. Vifungu viwili utavisikia tena na tena: cha 9 kinachohusu uraia pacha, na cha 24 kinachohusu kunyang'anywa uraia.

## Viweke mezani kwanza

- Pasipoti au kitambulisho cha Latvia, pamoja na namba yako binafsi ya usajili, wenyewe huiita *personas kods*.
- Karatasi inayoonyesha jinsi ulivyoupata uraia huo: cheti cha kuzaliwa na uraia wa mzazi, uamuzi wa usajili, au hati ya kupewa uraia kwa maombi.
- Vyeti vya ndoa, vya kuzaliwa kwa watoto, na vya kubadili jina kama uliwahi kubadili.
- Maelezo rasmi ya uraia wa pili: unatolewa kwa sheria ipi, kwa maombi au bila maombi, na unahesabiwa kuanza siku gani.
- Tafsiri ya Kilatvia iliyothibitishwa kwa kila hati iliyoandikwa kwa lugha nyingine, na apostili (muhuri wa kimataifa wa kuthibitisha hati) au uhalalishaji wa kibalozi, kutegemea nchi iliyotoa hati.

Angalia majina mapema. Latvia huandika majina ya kigeni kwa tahajia yake: John anakuwa Džons, na Juma wetu akiandikwa kwa sauti hiyo anakuwa Džuma. Mama mmoja anaweza kuwa na cheti cha ndoa chenye jina moja na pasipoti yenye jina linaloonekana la mtu mwingine kabisa. Umbo la asili la jina linaweza kuombwa liandikwe pia ndani ya pasipoti. Liombe. Litakuokoa maelezo mengi kwenye kaunta za Uhamiaji.

## Hatua ya 1: Hakikisha unacho unachoogopa kukipoteza

Fungua pasipoti usome. Kama imeandikwa *nepilsoņa pase*, hiyo ni hati ya wasio raia, hadhi waliyobaki nayo wakazi wengi wa enzi za Sovieti ambao hawakupata uraia wa Latvia wala wa nchi nyingine. Hiyo siyo pasipoti ya raia. Kibali cha ukaazi, hata kile cha kudumu, nacho siyo uraia.

Ukishathibitisha kuwa wewe ni raia, jiulize ulifikaje hapo, maana njia uliyoingilia ndiyo inayoamua masharti yako. Njia yenye nafuu kuliko zote ni ya uhamishoni. Waliokuwa raia wa Latvia tarehe 17 Juni 1940, wakaikimbia nchi kwa sababu ya ukaliaji wa Sovieti au wa Ujerumani kabla ya tarehe 4 Mei 1990, na vizazi vyao waliozaliwa kabla ya tarehe 1 Oktoba 2014, wanaweza kusajiliwa kuwa raia huku wakibaki na uraia wa nchi yoyote ile. Mjukuu wa mkimbizi wa aina hiyo aliyezaliwa raia wa Afrika Kusini hahitaji kuukana uraia wake. Ipo pia njia ya wenye asili ya Kilatvia au ya Kilivi (kabila dogo la asili la huko), ambao hutakiwa kuthibitisha asili hiyo na kujua lugha. Wao hawana nafuu ya nchi yoyote, wanarudi kwenye orodha ya hatua inayofuata.

Umefaulu ukiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja, ukiwa na karatasi mkononi, "mimi ni raia kwa njia fulani tangu tarehe fulani".

## Hatua ya 2: Itafute nchi ya pili kwenye orodha

Ukishapata uraia wa nchi zifuatazo, Latvia inakuacha na wake:

- nchi yoyote mwanachama wa Umoja wa Ulaya;
- nchi za EFTA (umoja wa biashara huria wa Ulaya), yaani Aislandi, Liechtenstein, Norwe na Uswisi;
- nchi yoyote mwanachama wa NATO;
- Australia, Brazili na Nyuzilandi;
- nchi yenye mkataba na Latvia wa kutambuana uraia pacha.

Isome kama orodha ya vikundi vinavyojitegemea. Nchi ikiwa ndani ya kikundi kimoja, inatosha. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya, watu wakaingiwa na hofu bure, maana bado iko NATO. Ayalandi na Austria haziko NATO, lakini ziko Umoja wa Ulaya. Uturuki haiko Umoja wa Ulaya, ila iko NATO. Marekani na Kanada vivyo hivyo.

Sasa tazama zisizokuwemo: Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Afrika Kusini, Omani, Falme za Kiarabu, Urusi, Israeli, Japani. Hakuna hata nchi moja ya Afrika iliyoingia kupitia vikundi vinne vya kwanza.

Onyo kwa walioko Ghuba. Mawakala wanaouza uraia wa uwekezaji watakuonyesha St Kitts, Dominica, Grenada au Vanuatu, na watakuambia, kwa kweli kabisa, kwamba nchi hizo hazikudai uukane uraia wako wa sasa. Wakala amesema ukweli wa upande wake. Kwa Latvia, nchi hizo ziko nje ya orodha, na raia wa Latvia anayenunua pasipoti ya huko ameweka rehani ile inayomruhusu kuishi na kufanya kazi katika nchi 27 za Umoja wa Ulaya. Kwa maoni yangu hiyo ni biashara ya kuuza ng'ombe ununue kuku.

Umefaulu ukiwa: umeandika jina la nchi na kikundi chake. Kama mbele ya jina hakuna kikundi, usiendelee na maombi ya nchi ile mpaka umalize hatua ya 5.

## Hatua ya 3: Uraia huo unakuja wenyewe, au unauomba?

Hapa ndipo ndoa zinapowachanganya watu. Sheria ya Latvia inamwacha na uraia wake mtu aliyepata uraia wa nchi nyingine moja kwa moja kwa sababu ya ndoa, au kwa kuasiliwa, hata kama nchi hiyo haiko kwenye orodha. Watu husikia "kwa ndoa" wakashangilia, wakaliruka neno "moja kwa moja".

Maana yake ni kwamba sheria ya nchi ile inakufanya raia siku ya ndoa, utake usitake, bila fomu. Iran hufanya hivyo kwa mwanamke wa kigeni anayeolewa na Muirani. Kenya haifanyi hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 15, inampa aliyefunga ndoa na Mkenya kwa angalau miaka 7 haki ya kusajiliwa kuwa raia *akiomba*. Umejaza fomu, umelipa, umeapa: hayo ni maombi. Shemeji yetu wa Kilatvia aliyekaa Kisumu miaka kumi na akasajiliwa kwa njia hiyo amepata uraia wa nchi isiyo kwenye orodha, kwa hiari yake, na kifungu cha 24 kinamgusa.

Tanzania hali ni ile ile kwa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania: uraia huombwa. Na Tanzania yenyewe haitaki mtu mzima abaki na wa nchi nyingine.

Kwa hiyo kama shida yako ni kuishi tu na mwenzi wako, angalia kwanza kibali cha ukaazi cha kudumu. Kwa wengi kinamaliza haja bila kugusa pasipoti.

Umefaulu ukiwa: umepata kifungu cha sheria ya nchi ile kinachosema uraia unakuja vipi, na siyo maneno ya jirani aliyepitia huko mwaka juzi.

## Hatua ya 4: Gonga mlango wa pili

Latvia kukubali hakuilazimishi nchi nyingine kukubali. Austria, kwa kawaida, humtaka anayeomba uraia wake auache wa zamani. Norwe ilikuwa hivyo mpaka ilipobadili sheria kuanzia tarehe 1 Januari 2020. Ujerumani ilifungua mlango kwa wote tarehe 27 Juni 2024. Nchi mbili zinaweza kuwa kwenye orodha ya Latvia huku moja inakutaka uukane uraia wa Latvia na nyingine haina habari nao.

Sasa upande wa Mkenya anayeishi Riga, mji mkuu wa Latvia, mwenye sifa za kuomba uraia wa Latvia. Kenya, kwa ibara ya 16 ya Katiba, haimnyang'anyi raia wa kuzaliwa kwa sababu amepata uraia wa kwingine. Mlango huo uko wazi. Wa Latvia ndio umefungwa: anayeomba uraia wake akiwa raia wa nchi isiyo kwenye orodha lazima auache ule wa kwanza. Hiyo ni juu ya mtihani wa Kilatvia, na maswali ya katiba, wimbo wa taifa na historia.

Kuna mtego mmoja hapa, na nimeona watu wenye akili zao wakiukaribia. Mtu anaukana wa Kenya, anapata wa Latvia, kisha anaanza kupanga kimya kimya kurejesha wa Kenya, maana Katiba ya Kenya ina nafasi ya kurejesha uraia wa kuzaliwa. Kwa macho ya Riga, kurejesha ni kupata. Umepata uraia wa nchi isiyo kwenye orodha baada ya kuwa raia wa Latvia. Na kama ulificha jambo lolote wakati wa kuomba, kifungu cha 24 kina kipengele chake cha taarifa za uongo.

Mtanzania hana hata hilo la kuwaza: akichukua wa Latvia kwa hiari, Tanzania inahesabu ameuacha wake.

Umefaulu ukiwa: una majibu mawili, moja kutoka kila nchi, na yote mawili ni ndiyo.

## Hatua ya 5: Uliza kwa maandishi, ungoje jibu kwa maandishi

Ofisi inayohusika ni Pilsonības un migrācijas lietu pārvalde, yaani Idara ya Masuala ya Uraia na Uhamiaji, ambayo kila mtu huiita PMLP. Ukiwa nje ya Latvia, pitia ubalozi wa Latvia unaoshughulikia nchi uliyopo. Mwenye sahihi ya kielektroniki ya Latvia anaweza kutuma akiwa sebuleni kwake.

Barua isiwe ndefu. Taja jina, namba binafsi, jinsi ulivyopata uraia wa Latvia, nchi ya pili, kifungu cha sheria ya nchi hiyo, na kama tayari umeomba au bado. Kisha uliza swali moja: nikipata uraia huu kwa njia hii, je, nitabaki na uraia wa Latvia kwa mujibu wa kifungu cha 9?

Kwa nini maandishi? Jibu la simu halina tarehe wala jina. Ofisa anaweza kuwa amesikia "ndoa" kama ulivyosikia wewe.

Kwa nchi isiyo kwenye orodha umebaki mlango mmoja mwembamba: ruhusa ya Baraza la Mawaziri. Hutolewa kwa kuzingatia maslahi muhimu ya taifa la Latvia. Kutaka kununua kiwanja Diani siyo maslahi ya taifa la Latvia, hata ukiandika kurasa kumi. Kama una sababu yenye uzito wa kitaifa, ruhusa itangulie na kiapo kifuate.

Umefaulu ukiwa: una barua yenye tarehe na namba ya kumbukumbu, na umehifadhi nakala mahali pawili.

## Hatua ya 6: Kiapo, kisha taarifa

Ukiwa na majibu yote, kula kiapo chako. Siku ile ile andika tarehe ambayo uraia wa pili umeanza kuhesabiwa. Kuna nchi zinazohesabu siku ya kiapo na nyingine siku ya cheti, wala siku ya kupokea pasipoti siyo lazima iwe mojawapo.

Kisha ipe PMLP taarifa mara moja, ukiambatisha nakala ya cheti na tafsiri yake. Rejista ya watu ya Latvia inapaswa kuonyesha uraia wako wote. Kukaa kimya hakukusaidii chochote kama nchi iko kwenye orodha, na kama haiko, kimya ndicho kinachofanya jambo lionekane la kuficha.

Mkenya wa kuzaliwa naye ana deni la taarifa nyumbani: sheria ya uraia ya Kenya ya 2011 inamtaka mwenye uraia pacha auseme ndani ya miezi 3.

Kama uliamua kwa makusudi kuchukua uraia wa nchi isiyo kwenye orodha, sheria ya Latvia inakutaka wewe mwenyewe upeleke maombi ya kuukana wa Latvia. Ombi hilo hukubaliwa tu ukiwa tayari na uraia mwingine au hakikisho la kuupata, ili usibaki bila nchi, na linaweza kukataliwa kama hujamaliza wajibu wako kwa dola.

## Hatua ya 7: Watoto na saa mbili zinazohesabu

Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni raia wa Latvia ana haki ya uraia huo popote alipozaliwa, hata Mombasa. Msajili PMLP au ubalozini. Akiwa mdogo anaweza kuwa na uraia pacha na nchi yoyote, orodha haimhusu bado. Wazazi wengi huishia hapo, wakasahau kalenda.

Kama uraia wa pili ni wa nchi isiyo kwenye orodha, mtoto huyo akishatimiza miaka 18 anatakiwa kuchagua, na mwisho wake ni kabla ya kutimiza 25. Kwa mtoto wa Mkenya, saa inayohesabu ni hiyo moja ya Riga, kwa kuwa Kenya haimdai kitu. Kwa mtoto wa Mtanzania zipo mbili, na ya Tanzania inalia kwanza: utu uzima wa miaka 18 ndio unaomtaka aamue. Kijana anaweza kudhani ana muda mpaka 25 kwa sababu alisoma sheria ya Latvia peke yake, kumbe huku kwa baba yake mambo yameshakwisha.

Zungumzeni naye akiwa na miaka 16. Muulizeni anataka kusoma wapi na kuishi wapi, na kama kuna ardhi ya ukoo inayohitaji uraia. Ukishauacha uraia wa Latvia, kuurudisha kwa kawaida kunapitia njia ya maombi, yaani mtihani wa lugha na mengine yote. Kijana aliyekulia Arusha bila Kilatvia asidhani ni jambo la wiki mbili.

Kwa watoto wa kiume kuna la ziada. Latvia ilirudisha huduma ya lazima ya ulinzi, miezi 11, kwa wanaume wenye umri wa miaka 18 hadi 27. Ulizeni mapema jinsi sheria hiyo inavyomgusa kijana anayeishi nje.

Umefaulu ukiwa: tarehe za kutimiza 18 na 25 za kila mtoto zimeandikwa mahali ambapo mtoto mwenyewe anapaona.

## Hatua ya 8: Ukiwa na uraia wa nchi zote mbili

Mbele ya dola ya Latvia wewe ni raia wa Latvia tu. Ingia na utoke kwa pasipoti yao, jaza fomu zao ukiwa raia wao. Ukiwa kwenye nchi yako ya pili, usitegemee ubalozi wa Latvia ukutoe mikononi mwa polisi wa nchi ambayo nayo inakuhesabu wake.

Jeshi ni kitu kingine. Kutumikia kwa hiari jeshi la nchi iliyo nje ya makundi yale bila ruhusa ya Baraza la Mawaziri ni sababu nyingine ya kunyang'anywa. Jeshi la Uingereza au la Ufaransa halina tatizo hilo. Na tangu mabadiliko ya mwaka 2022, mwenye uraia pacha aliyetoa msaada mkubwa kwa walioshambulia mamlaka na mipaka ya nchi za kidemokrasia anaweza pia kufutiwa.

## Kama umeshakosea

Pumua. Uraia wa Latvia hauanguki wenyewe siku ya kiapo. Unaondolewa kwa uamuzi wa PMLP, na uamuzi una utaratibu.

Kwanza, usiende kuukana uraia wa pili kwa pupa kabla hujapata ushauri. Unaweza kujikuta umeshaupoteza mmoja na wa pili uko njiani kuondoka. Pili, kusanya tarehe. Wapo waliodhani wamekosea, kumbe uraia wao wa pili ulikuja moja kwa moja, au nchi yao iko kwenye orodha, au wao ni wa njia ya uhamishoni na hawakujua. Tatu, tafuta wakili wa Latvia anayefanya kesi za utawala.

Mwambie akutazamie hoja ya uwiano, yaani kwamba hatua ya dola isizidi uzito wa jambo lenyewe. Kupoteza uraia wa Latvia ni kupoteza pia uraia wa Umoja wa Ulaya, isipokuwa kama uraia wako mwingine ni wa nchi mwanachama. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Rottmann ya 2010 na ya Tjebbes ya 2019, ilisema kwamba hasara hiyo lazima ipimwe kwa mtu mmoja mmoja: maisha ya familia, kazi, uwezo wa kusafiri na kukaa. Kwa hiyo leta ushahidi wa maisha yako, mkataba wa kazi, shule ya watoto, mzazi mgonjwa unayemtunza kule Jelgava, Latvia. Na kama roho iko juu kwa sababu ya familia, jua kwamba kunyang'anywa kwako hakuwagusi mwenzi wala watoto, uraia wao unabaki wao.

Barua ya uamuzi ikifika, nenda moja kwa moja kwenye aya ya mwisho. Ndipo inapoandikwa rufaa inapelekwa wapi na kwa muda gani, na katika mashauri ya utawala ya Latvia muda wa kawaida ni mwezi mmoja. Piga picha kila ukurasa, uitume kwa wakili siku hiyo hiyo, na bahasha usiitupe, maana muhuri wa posta unaweza kuwa ndio ushahidi pekee ulio nao wa siku mwezi huo ulipoanza.